Alilala Wapi?

Benchi lenyewe ni la kubuni, nakiri mapema. Nimeliweka chini ya mwembe pale Mkuyuni, kando ya barabara itokayo Morogoro mjini kupitia Bigwa na Kiroka kwenda Matombo na Kisaki. Ni mahali ambapo mikungu ya ndizi hupangwa ikisubiri lori la Dar es Salaam, na ukikaa robo saa tu hukosi kumwona mwanafunzi akishuka kwenye bodaboda. Walioketi sikuwapa majina. Yupo muuguzi wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Yupo mwalimu wa Hisabati wa sekondari ya kata. Yupo bibi, kungwi wa siku nyingi, mzaliwa wa mlimani. Wa nne ni kijana wa bodaboda ambaye hakualikwa: alisimama kusubiri abiria, akasikia neno lililomchoma, akazima pikipiki. Watu ni wa kubuni. Takwimu, sheria na historia wanazorushiana ni za kweli.

Ugomvi wao ni huu. Binti wa miaka kumi na sita akikutwa na VVU, tukatafute chanzo katika usiku ule mmoja, au katika miaka kumi iliyoutangulia?

MUUGUZI: Karatasi zetu zinauliza mengi: wenza wangapi, kondomu, pombe. Nazijaza zote. Ila kuna swali ambalo halimo, na mimi huliuliza kwa mdomo: ulipokuwa na miaka kumi, ulikuwa unalala wapi? Hapo mtoto anainamisha kichwa. Mmoja atasema kwa shangazi. Mwingine kwa bosi, Dar, alikopelekwa kufanya kazi za ndani. Mwingine jikoni, maana baba akirudi na pombe yake chumbani hakukaliki. Nikishasikia jibu la swali hilo, mengine mengi nayajua kabla hajanijibu.

MWALIMU: Sista, unaowaona wewe wameumia tayari. Kaa wodi ya mifupa mwezi mzima, utaapa kwamba nusu ya Watanzania wameanguka kutoka kwenye mwembe kama huu. Waliolala jikoni wakatoka wazima hawaji kliniki kwako. Wako darasani kwangu, wanakokotoa pembetatu.

MUUGUZI: Ndiyo maana sitegemei macho yangu peke yake. Mwaka 2009 serikali, pamoja na UNICEF, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ilifanya utafiti nchi nzima. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Ripoti ikatoka 2011. Wasichana karibu watatu katika kila kumi walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Wavulana, mmoja katika kila saba. Waliopigwa ngumi, mateke au mijeledi na ndugu, mkubwa mwenye mamlaka au mpenzi, karibu robo tatu, wa kike kwa wa kiume. Tulikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kupima ukatili wa kingono, wa kimwili na wa kihisia kwa pamoja, kwa wasichana na wavulana. Na tulipopata majibu, wengi tuliyasoma kurasa za mwanzo tukayafunga.

MWALIMU: Hapo ndipo hesabu yako inapojikata yenyewe. Robo tatu wamepigwa. Utafiti wa VVU wa 2016–17 ulikuta maambukizi kwa wasichana wa miaka 15 hadi 24 ni asilimia 2.1, na kwa wavulana wa umri huo asilimia 0.6. Jambo lililowapata watu sabini na zaidi katika mia haliwezi kukueleza kwa nini wawili tu wameugua. Ni sawa na kusema waliopata ajali leo wote walikunywa chai asubuhi.

Hapa, kama ningekuwa mwamuzi, ningempa mwalimu bao. Nimehudhuria semina za kutosha kuujua mchezo wake: mtoa mada anaweka takwimu ya ukatili upande huu wa ubao na takwimu ya VVU upande ule, kisha anachora mshale katikati. Mshale huo hautoki kwenye takwimu. Unatoka kwenye kalamu ya mtoa mada.

Muuguzi hakukasirika. Alivuta pumzi kama mtu aliyewahi kulijibu swali hilo usiku, peke yake.

MUUGUZI: Mwalimu, wewe unahesabu nani kaguswa. Swali ni ameguswa na mangapi. Miaka ya 1980 daktari mmoja wa San Diego, Vincent Felitti, alikuwa anawatibu watu waliozidi uzito. Walikuwa wanapungua vizuri, halafu wanaacha tiba wakiwa karibu kufaulu. Alipokaa nao kuwahoji, akakuta wengi walidhulumiwa wakiwa watoto. Unene wenyewe kwa baadhi yao ulikuwa ngome. Mwaka 1998 yeye na Robert Anda wakachapisha utafiti wa watu wazima zaidi ya 9,000. Waliorodhesha aina za madhila: kupigwa, kutukanwa, kuingiliwa, kuishi na mlevi, kumwona mama akipigwa, kuishi na mwenye maradhi ya akili, kuwa na ndugu aliyefungwa. Wakahesabu kila mtu ana aina ngapi. Mwenye nne na zaidi, ukimlinganisha na asiye na hata moja, alikuwa na uwezekano wa mara mbili hadi nne wa kupata magonjwa ya zinaa na wa kuwa amepitia wenza hamsini au zaidi. Ulevi na dawa za kulevya ndiyo usiseme: mara nne hadi kumi na mbili. Kofi moja halimpeleki mtu kliniki. Yanarundikana.

MWALIMU: San Diego. Watu wenye bima ya afya, wenye magari mawili. Unanitolea mfano huo hapa, mbele ya mikungu ya ndizi?

MUUGUZI: Basi njoo karibu. Mkoa wa Eastern Cape, Afrika Kusini, vijijini, vijana zaidi ya 2,700. Rachel Jewkes na wenzake waliwapima VVU mwanzo, wakawafuatilia, wakapima tena. Matokeo ya upande huu wa utotoni yalitoka 2010. Wasichana walionyanyaswa kihisia, walioingiliwa, au walioadhibiwa sana kwa kipigo walipokuwa wadogo, ndio walioambukizwa zaidi baadaye. Sikiliza neno hilo, baadaye. Walikuja wazima, na walioumizwa utotoni wakaambukizwa kuliko wenzao.

MWALIMU: Na umaskini? Nyumba yenye njaa ndiyo yenye kipigo, na ndiyo yenye binti anayetongozwa kwa chipsi. Mti mmoja, matawi mawili. Wewe unasema tawi hili limezaa lile.

MUUGUZI: Umaskini umo, sibishi. Lakini nikwambie jinsi kipigo cha darasa la tatu kinavyofika kliniki kidato cha pili, maana watu wanadhani ni uchawi. Mtoto anayeishi kwa kushtuka, mwili wake haupumziki. Mlango ukilia moyo unakimbia, na akili inajifunza kuishi kwa dakika, si kwa miaka. Mtu anayehesabu dakika huwezi kumtisha kwa ugonjwa utakaomuuma baada ya miaka kumi. La pili, pombe na bangi kwake si starehe, ni usingizi. La tatu, na hili ndilo kubwa, huyo mtoto alikwishasema hapana. Alisema hapana akiwa na miaka tisa, kwa mtu mkubwa, na haikusaidia. Akifika miaka kumi na tano mnampa semina ya jinsi ya kusema hapana. Anawatazama tu. Neno hilo amelijaribu, halifanyi kazi. Ndiyo maana hata kondomu hawezi kuiomba. Mnaita tabia hatarishi, kana kwamba anapenda hatari. Wengine hatari ndiyo nyumba waliyokulia.

Ukimya ulipita. Lori moja likashuka na mananasi. Mwalimu akaanza tena, sauti imepungua kidogo.

MWALIMU: Mimi hilo somo la UKIMWI nimelifundisha. Wanafunzi wangu wanapata tisini katika mia. Wanajua njia zote za maambukizi, wanajua na zile ambazo si njia.

MUUGUZI: Na wa Mwanza walijua. Mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika jamii ishirini. Nusu walipata masomo shuleni, huduma rafiki kwa vijana na kondomu, nusu walisubiri. Miaka minane hivi baadaye watafiti wakarudi. Ujuzi ulipanda kwa walioupata mradi. VVU na malengelenge ya sehemu za siri havikutofautiana na kwa wale waliosubiri.

MWALIMU: Kwa hiyo tusifundishe?

MUUGUZI: Fundisha. Ila usishangae mtu aliyefaulu mtihani akishindwa usiku.

Bibi alikuwa anamenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda likishuka refu bila kukatika. Alingoja liishe.

BIBI: Nimewasikiliza, wanangu. Mmoja anahesabu mapigo, mwingine anahesabu wagonjwa. Hakuna aliyeuliza mtoto huyo ni wa nani. Kwetu Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Shamba ni la ukoo. Mama akiachika, anarudi kwao na watoto wake, na pa kulima papo, na pa kulala papo. Baba akimpiga mtoto kupita kiasi, mjomba anashuka mlimani kuuliza kulikoni. Binti akivunja ungo anawekwa ndani, anapewa mtu wa kukaa naye. Ninyi mnaona ngoma na mti wa mkole, mnasema tunafundisha watoto mambo ya kitandani. Hamumwoni yule aliyekaa naye miezi na miezi, akajua kila kinachomsumbua. Leo unyago ni wikendi mbili za likizo ya Desemba, na keki.

MWALIMU: Bibi, kwa heshima zote, tusiipambe zamani. Mwali wa zamani alitoka ndani akaolewa, tena na mtu mzima. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka umri wa miaka kumi na tano kwa binti na kumi na nane kwa mwanamume. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kuipinga, akashinda 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye Oktoba 2019. Kama malezi ya ukoo yangekuwa ngao kamili, asingehangaika.

MUUGUZI: Na mjomba huyo huyo, bibi. Wako walionijia kwa ajili ya mjomba.

Bibi hakujibu mara moja. Alikata chungwa vipande vinne, akagawa.

BIBI: Najua. Sisemi wote walikuwa malaika. Nasema mtoto alikuwa na watu wengi, na mmoja akiwa mbaya, mwingine anaona. Sasa ana mtu mmoja, na huyo akiwa mbaya ndiyo basi. Lakini niwaambie jambo jingine, maana naona mwanangu huyu na karatasi zake. Mwaka 1955 nilikuwa mtoto wa kutumwa maji. Serikali ya Mwingereza ilileta mpango wa kuhifadhi Uluguru. Mabwana shamba wakatuamuru tuchimbe matuta ya ngazi mlima mzima ili udongo usikimbie. Nia haikuwa mbaya, mvua zetu mnazijua. Ila jembe lilipochimba ngazi, udongo mweusi ulifukiwa chini, ule mwekundu usio na rutuba ukatoka juu. Mahindi yakadumaa. Mwezi wa saba watu wakakusanyika Matombo, askari wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Matuta yakaachwa. Sasa ninyi mnataka kumchimba mtoto. Ulipigwa na nani, uliingiliwa mara ngapi, baba alikunywa nini. Mkishachimba mnaandika, mnaondoka. Udongo mbaya mmeuacha juu. Nani atapanda hapo?

Sijawahi kusikia hoja nzito kuliko hiyo dhidi ya mtindo wa kumpa kila mtoto alama ya madhila, na tena haikutoka chuoni. Robert Anda mwenyewe, mmoja wa walioanzisha hesabu ile, aliandika pamoja na wenzake mwaka 2020 kuonya kwamba alama hizo zilitengenezwa kupima makundi ya watu. Kuzitumia kumtabiria mtu mmoja ni kuzipa kazi zisiyoiweza. Watu wawili wenye alama nne wanaweza kuwa wamepita njia zisizofanana hata kidogo: mmoja ilidumu mwezi, mwingine miaka kumi, mmoja alikuwa na bibi, mwingine hakuwa na mtu. Huko Mgeta, upande wa pili wa mlima, watu walikuwa na ngazi zao wenyewe za kulimia mboga, na hawakuziacha. Ngazi si tatizo. Tatizo ni nani anachimba, wapi, na atakuwepo msimu ujao au la.

Na hapo ndipo mwalimu, kwa kutaka kumuunga mkono bibi, alipotamka neno lililoizima pikipiki.

MWALIMU: Kweli bibi, na wanaowamaliza kabisa ni hawa bodaboda. Vijana walioharibika toka utotoni, nao wanaharibu wenzao kwa lifti.

KIJANA: Shikamoo bibi. Shikamooni wote. Ticha, samahani, nimewasikia tangu mwanzo, mpaka hapo mwisho.

BIBI: Marahaba mjukuu wangu. Kaa.

KIJANA: Sikai, nina abiria anashuka. Ila hilo la kuharibika. Mimi nilikuwa kwenye orodha ya watoto wa mazingira hatarishi. Mama alifariki, nikakaa kwa baba wa kambo. Walikuja watu na gari wakanipa madaftari matatu, sabuni, na jina hilo. Madaftari yaliisha mwaka uleule. Jina lilibaki, hata mwalimu wa darasa alikuwa ananiita hivyo akiwa na hasira. Nilitoka nyumbani nina miaka kumi na tatu, nikalala sokoni mjini, nikabeba mizigo. Kuna mtu mzima akanipa pa kulala. Halafu akataka malipo yake. Sitasema zaidi. Mnazungumza mabinti, mabinti. Sista umesema mmoja katika saba. Huyo mmoja hakuna aliyemuuliza.

MUUGUZI: Kweli mdogo wangu. Katika utafiti ule, karibu nusu ya wasichana walimwambia mtu. Wavulana ni kama theluthi tu.

KIJANA: Mimi ni hao wengine, mpaka leo hii. Na nimepima, niko salama, nina mke na mtoto. Sasa niko upande gani wa hesabu zenu? Tena hilo la lifti ni kweli, siwatetei wenzangu. Wapo. Mtoto anatembea saa mbili kupanda, mvua, giza, nauli hana. Anayempa lifti Jumatatu na Jumanne, Jumatano anaanza kudai. Na wote tunajua ni miaka thelathini jela. Sheria tunaijua kuliko ninyi. Lakini mngeweka basi, lifti ingekufa bila mahakama.

Nisisitize hilo kidogo, kwa sababu kijana alilipitia haraka. Utafiti ule wa 2009 uliwauliza wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono ulitokea wapi. Karibu nusu walisema ni nyumbani kwa mtu; karibu robo walisema ni njiani, wakienda au wakirudi shule. Tunajenga majengo ya shule na kupiga picha za uzinduzi. Njia ya kufikia jengo hilo haina mzinduzi.

Mwalimu alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati.

MWALIMU: Samahani kijana. Neno lile nimelifuta. Na acheni niseme ninachokijua mimi, maana nimekaa hapa kama mtu ambaye hayamhusu. Kuanzia 2004 tulijenga sekondari za kata nchi nzima, na kuanzia 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Watoto wakajaa, jambo jema. Lakini kata za mlimani ni ndefu. Mtoto wa kitongoji cha juu hawezi kupanda na kushuka kila siku. Basi mzazi anampangia chumba karibu na shule. Geto. Binti wa miaka kumi na nne, mlango wa bati, kufuli la kununua gulioni. Mzazi anashuka mwanzo wa mwezi na unga, maharage, mafuta ya taa. Nafundisha Hisabati, hebu niwape hesabu: unga wa wiki mbili, mwezi wa wiki nne. Wiki ya tatu nani anamlisha? Mimi namwona darasani wiki ya tatu. Ghafla ana simu. Ghafla ana mafuta mazuri ya nywele. Namtania, darasa linacheka. Sikuwahi kumuuliza unalala wapi.

MUUGUZI: Ndilo swali langu.

MWALIMU: Ndilo. Na nimelikwepa kwa kuwa jibu lake lingenipa kazi.

Tangu hapo mjadala uligeuka. Mwalimu, ambaye awali aliutumia umaskini kumpinga muuguzi, akawa ndiye anayetafuta ushahidi kwamba umaskini huo unaweza kuguswa. Akataja Kenya, ambako serikali ilizipa fedha kila mwezi kaya zenye yatima; vijana wa kaya hizo walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 31 wa kuwa wameanza ngono kuliko wa kaya zisizopata. Akataja Zomba, Malawi: wasichana wa shule ambao wao na familia zao walipewa fedha kidogo kila mwezi, baada ya mwaka mmoja na nusu wenye VVU walikuwa asilimia 1.2, na wasiopewa asilimia 3.0. Hesabu safi, alisema, ya kupangiwa kwa kura, si ya mshale.

Muuguzi akakubali, kisha akambana. Pesa inafungua mlango wa wiki ya tatu, lakini haimponyi aliyekwisha kujifunza kwamba hapana yake haisikiki. Akakumbusha kwamba TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, pamoja na TACAIDS, tume ya kudhibiti UKIMWI, na UNICEF, walijaribu mikoani Iringa na Mbeya mpango wa Ujana Salama: ruzuku ya kaya maskini, kisha juu yake mafunzo ya maisha na kazi, mlezi wa kumfuata kijana, na huduma za afya zilizo jirani. Ukatili wa kingono kwa wasichana ulipungua. Akataja Luwero, Uganda, ambako shule za msingi zilizobadili namna walimu wanavyoishi na watoto zilipunguza kipigo cha walimu kwa asilimia 42. Na kwa uchungu kidogo akataja Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na kazi nyingi za VVU nchini zikayumba wiki hiyo hiyo. Mlezi anayelipwa na mtu wa mbali, alisema, akizimiwa taa kule, mtoto anabaki gizani huku.

BIBI: Ndiyo niliyowaambia. Atakayekuwepo msimu ujao.

Kijana akauliza kama kuna bweni katika shule ya mwalimu. Halipo. Akauliza kama wazazi wanaolipia mageto thelathini wakichanga, hawawezi kuwa na nyumba moja na mama mmoja wa kuiangalia. Mwalimu akasema wazo hilo liliwahi kuletwa kwenye kikao likafa kwa sababu ya swali la nani atashika fedha. Nilitamani tukae hapo muda mrefu zaidi, maana kwangu hapo ndipo penye jibu la nusu ya jambo hili. Lakini muuguzi alikuwa na lake, na ndilo lililomfanya aje.

MUUGUZI: Bibi, naomba nikuulize kama mwanao. Mtoto akifanyiwa unyama leo usiku, huku kwetu mlimani, kesho asubuhi kinatokea nini?

BIBI: Kesho hakitokei kitu. Mama analia ndani. Keshokutwa anaitwa mjomba. Anakuja siku ya tatu, akiwa karibu. Upande wa pili unaitwa. Wanakaa.

MUUGUZI: Wanakaa wanazungumza nini?

BIBI: Unajua wanachozungumza.

MUUGUZI: Sema, bibi.

BIBI: Wanazungumza mbuzi. Au fedha. Au kama kijana atamwoa. Wanasema tuyamalize kifamilia, polisi wataharibu jina la ukoo. Mimi nimekaa kikao kama hicho. Nilikaa kama mkubwa, nikala na chakula. Binti alikuwa chumba cha pili anasikia bei yake.

Hakuna aliyetafuna chungwa.

MUUGUZI: Bibi, kuna dawa. Siyo ya kufubaza kwa aliyekwisha kuambukizwa. Ni ya kuzuia virusi visishike kabisa. Inamezwa siku 28. Lakini lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nafasi. Saa 72 ni siku tatu, bibi. Ni muda ule ule wa kumsubiri mjomba. Sitaki kuvunja kikao cha ukoo. Kaeni. Lakini mtoto aje kwangu kwanza, hata bila PF3 mkononi. Karatasi ya polisi itafuata. Dawati la Jinsia na Watoto lipo kituoni, litaandika. Na mkimtendea hivyo atajifunza kitu kingine, kwamba alipiga kelele na watu wakakimbia. Mwalimu aliniuliza mwanzo kwa nini wengine hupita kwenye hayo wakatoka wazima. Sijui yote. Lakini wengi wa waliotoka ukiwauliza, watakutajia mtu mmoja aliyekimbia.

KIJANA: Mimi alikuwa mama muuza uji wa sokoni. Hakufanya kitu kikubwa. Aliniambia nimejua, njoo ulale kwangu.

Abiria wake alikuwa amefika, mwanafunzi mwenye sketi ya buluu na ndoo ya unga kichwani. Kijana akamfunga ndoo kwenye keria ya nyuma. Bibi akamuita yule binti, akamuuliza yeye ni wa ukoo gani, na mama yake ni nani, na anakwenda kulala wapi. Binti akajibu maswali mawili ya kwanza kwa haraka. La tatu akamtazama mwalimu kwanza.

Naujua wajibu wa mwandishi wa mjadala: atoe hukumu au akae kimya. Mimi nampa muuguzi, kwa bao la bibi. Madhila ya utotoni yanaingia katika hatari ya ujanani kupitia milango inayoonekana kwa macho: kufuli la geto, unga wa wiki mbili, njia isiyo na basi, kikao kinachojadili mbuzi. Mkoa wa Morogoro una watu zaidi ya milioni 3.1 kwa sensa ya 2022, na hakuna hata mmoja wa milango hiyo unaohitaji utafiti mwingine ndipo ufungwe.

Kwa msomaji mwenye mtoto, au jirani mwenye mtoto: saa 72 huhesabiwa tangu tukio, si tangu kikao kilipomalizika. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na haikati salio.